Mikeka Juu ya Darasa la Pili

Shule yetu ina bati juu na hewa katikati. Ndivyo ilivyojengwa: kuta zikapanda, bati likapigwa misumari, watu wakapongezana, na suala la dari likaachiwa Mungu. Hata kuta zinazotenganisha madarasa hazikufika juu. Zimeishia njiani, na kutoka hapo mpaka kwenye bati ni wazi kabisa, popo wanapita watakavyo. Kwa hiyo kiangazi darasa la pili linasoma ndani ya sauti ya mwalimu mkuu, ambaye hufundisha darasa la sita upande wa pili wa ukuta na amejaliwa koo la muadhini. Masika madarasa yote yanasoma ndani ya mvua.

Sijui kama umewahi kukaa chini ya bati tupu mvua ya huku delta ikishuka. Mtu aliyekaa ubavuni mwako anafungua na kufunga mdomo kama samaki ndani ya ndoo. Mwalimu anaandika ubaoni, watoto wananakili. Mwalimu anauliza, watoto wanaitikia. Nani kauliza nini na nani kaitikia nini, hayo anayajua Mola.

Mwalimu wa darasa la pili alikuwa binti wa bara, mwembamba, hajui kuogelea. Siku aliyoletwa alishuka kwenye boti huku amefumba macho, na sisi wanawake tuliokuwa tunasubiri mizigo yetu tukatazamana: huyu hamalizi mwezi. Tulikuwa na uzoefu. Walimu waliomtangulia walikuja, wakaona maji kila upande, wakaona mbu, wakaona kwamba simu inashika mtandao ukisimama juu ya kisiki kimoja tu kijiji kizima, wakarudi walikotoka. Mmoja aliondoka kwa haraka mpaka akasahau sufuria lake kubwa. Tunalipikia pilau kwenye shughuli mpaka leo, na ni sufuria zuri.

Huyu binti alikaa. Alijifunza kula kaa bila kujikata midomo. Alijifunza kutembea kwenye tope bila kuacha kandambili zake humo. Watoto walimpenda mpaka wakawa wanaiga mwendo wake njiani. Kosa lake lilikuwa moja tu: alitaka watoto wamsikie. Kiangazi alipiga kelele kumshinda mwalimu mkuu, masika alipiga kelele kuishinda mvua, na ikifika Ijumaa sauti yake imebaki ya kukwaruza kama bawaba iliyoota kutu.

Basi siku moja kwenye kikao cha wazazi akasimama akasema jambo kwa sauti ya chini sana. Tulidhani anatupa umbeya. Wanawake wote tukainama mbele, masikio yamesimama.

“Nimeomba uhamisho,” alisema. “Koo langu limeharibika, mama zangu. Muhula huu ukiisha, naondoka.”

Niliingiwa na hofu, na mie nikiogopa huwa nakasirika. Nilisoma shule hiyo hiyo. Nilipofika darasa la tatu mwalimu wetu aliondoka, na hadi alipopatikana mwingine nilikuwa nimeshavunja ungo na kuwekwa ndani. Kusoma vizuri nilijifunza ukubwani, mtoto yuko mgongoni, sufuria iko jikoni inaungua. Sasa mwanangu wa mwisho, wa kike, alikuwa darasa la pili. Anapenda shule kuliko chakula. Nilimwona mwalimu yule anakaa chini, nikamwona mwanangu anarudi nyumbani kuchambua dagaa pamoja nami hadi uzee, na nikatamani kumrushia mtu kitu, ila sikujua nimrushie nani.

Jioni niliwafuata wenzangu kisimani.

“Mnamwacha aondoke hivi hivi?” nikawauliza.

“Sasa tumfanyeje, shoga? Tumshonee koo jingine?”

“Tuizibe mvua. Tuweke dari.”

“Dari la nini? Mbao unazo wewe?”

“La mikeka.”

Wakacheka. Mmoja aliweka ndoo chini kabisa ili acheke vizuri. Lakini nilikuwa na hoja. Mbao hatuna, ila ukindu unaota huku mpaka unatuchoma miguu, na hakuna mwanamke kwetu asiyesuka. Tunasuka tukilinda mpunga, tunasuka tukisubiri boti, tunasuka tukisengenya. Mkeka mnene ukitandikwa juu ya mwenzake hunyamazisha hata mume anayekoroma chumba cha pili, na hilo kila mmoja pale kisimani alikuwa ameshalijaribu. Kicheko kikapungua. Yule wa ndoo ndiye aliyeuliza tunaanza lini.

Mwalimu mkuu tulipomweleza alikuna kichwa. Alisema jengo la serikali haliguswi hadi kibali kitoke, kwamba angeuliza wilayani Kibiti, na Kibiti nao wangeuliza wanakouliza wao. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa akiota makaratasi. Tulimwambia hakuna neno, tutasubiri. Kusubiri hakumkatazi mtu kusuka.

Msimamizi wa kazi alikuwa mama mkwe wangu, fundi mkubwa wa mikeka hapa kijijini na mtu pekee ninayemwogopa kuliko mamba. Kila mwanamke alileta ukili wake, yaani ule mkanda mrefu unaosukwa kwanza kabla mikanda haijashonwa pamoja kuwa mkeka, na yeye akaupitisha vidoleni huku amefumba macho. Akiridhika anautupa kulia. Asiporidhika anafumbua macho. Wangu alipoushika alifumbua macho yote mawili.

“Nani kaleta hiki?”

“Mie, mama.”

“Mkwe wangu, huu ni ukili au utumbo wa kuku?”

Wanawake wakaangua kicheko ambacho nadhani kilisikika kata nzima ya Maparoni. Ukili wangu ukaenda kufungia mbuzi. Nami nikapangiwa kuchambua ukindu pamoja na watoto, mimi mwenye wazo! Nilinuna mpaka shavu likaniuma. Hakuna aliyenibembeleza.

Mikeka ilipokuwa tayari, imekunjwa na kurundikwa nyumbani kwa mama mkwe hadi yeye mwenyewe akawa analala mlangoni, mwalimu mkuu akaitwa semina Kibiti. Tulimsindikiza hadi kwenye boti. Tulimpa na korosho za njiani. Tulimpungia mikono kwa mapenzi makubwa, na boti ilipopotea nyuma ya mikoko tukaenda kuchukua ngazi.

Kupanda juu hakukututisha. Mwanamke wa huku analelewa dunguni, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa shambani kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Ngazi na fito tunavijua, na kamba tunaifunga bila kuitazama. Dari letu tulilipanga kwa mtindo wa dungu: fito zipite kutoka ukuta hadi ukuta, zikazwe, mikeka itandikwe juu yake tabaka juu ya tabaka. Tatizo lilikuwa heshima. Ukipanda juu ya fito na khanga yako, aliye chini ataona yasiyomhusu. Na waume zetu, ambao walikataa kushiriki kwa madai kwamba mikeka ni kazi ya wanawake, siku hiyo ghafla walijaa darasani wote kutoa ushauri.

Mama mkwe akawatoa kwa ufito. Wakahamia madirishani, wakaendelea kushauri.

Ndipo mmoja wetu akapata akili ya suruali. Tukatawanyika kila mtu kwake, tukarudi tumevaa suruali za waume zetu chini ya khanga, tumezikaza viunoni kwa kamba za ukindu. Mwanaume wa kwetu ana suruali moja ya maana, nyingine ni za kuvulia. Siku ile suruali zote za maana zilikuwa juu ya darasa la pili. Wenyewe wakabaki na misuli ya kujifunga kiunoni. Aliyeona haya kukaa na msuli mchana wa kazi alijifungia ndani akasema ana homa, waliobaki wakaketi barazani na kofia zao, wamenyamaza, wameudhika. Boti ya abiria ilipotia nanga, wageni wakawaona wanaume wa kijiji kizima wamekaa vile, wakasogea na kuuliza kwa upole nani amefariki.

Swali lile ndilo lililotuponza. Babu mmoja, jirani yangu, alilisikia, akageuza shingo akatazama wanawake waliokuwa wanapita na mikeka begani kuelekea shuleni, na likamwingia jambo kichwani.

“Hebu ngojeni,” alisema. “Mkeka unakaa juu ya mtu siku gani?”

Kila mtu alijua siku gani. Huku kwetu maiti akishalazwa mwanandani kaburini, zikishapangwa mbao, mkeka ndio unaowekwa juu kabla ya udongo. Siku nyingine zote za maisha yake mtu hukaa juu ya mkeka. Na sisi, katika kusuka na kushona na kucheka kote kule, wanawake wazima tuliozika wazazi wetu, hakuna hata mmoja aliyekumbuka. Tulikuwa tumemaliza fundo la mwisho. Tulishuka tukiwa tunajipongeza, tukakuta kijiji kinasema tumewazika watoto wakiwa hai.

Asubuhi ya pili nusu ya darasa haikuja. Mwalimu alisimama mlangoni anatazama madawati matupu, kisha anatazama dari lake jipya, jekundu na kijani na rangi ya ukindu mkavu, zuri mno.

“Mama, kwani kuna nini?” aliniuliza. “Watoto wanaumwa?”

“Ni mafua,” nikasema. Ningemwambiaje?

Nikamfuata shehe wa msikiti wetu. Nilimweleza njia nzima kwa hasira, na yeye alikuwa mzee wa kusikiliza kwanza. Tulifika shuleni saa saba mchana, jua linachoma utosi. Babu jirani alikuwa ameshafika kutoa ushahidi. Kwa kawaida saa hiyo darasa lile ni tanuri, hata nzi huliacha. Shehe alivua viatu mlangoni, akaingia, akatazama juu kwa muda mrefu, akasema jambo hili linahitaji utulivu. Akaketi dawati la nyuma na tasbihi yake. Sisi tukasubiri nje kwa adabu.

Tulisikia tasbihi inagonga, inagonga, kisha haigongi. Tukachungulia. Shehe alikuwa amelala, shavu juu ya dawati, uso umetulia kama wa mtoto aliyeshiba.

Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Alilala hadi alasiri ikakaribia kumpita, na hapo mama mkwe ndiye aliyekohoa. Shehe akainuka, akapangusa mdomo, akatutazama kwa uso wa mtu aliyetoka kwenye jambo zito.

“Linalotazamwa ni nia,” alisema. “Rudisheni watoto darasani.”

Akavaa viatu. Alipofika uwanjani akageuka.

“Na saa hizi za mchana, huwa pana watu humu?”

Babu jirani akasema kwa upande wake hajaridhika, angependa kuhakikisha mwenyewe. Tukampa dawati. Alihakikisha hadi magharibi.

Mwalimu mkuu aliporudi kutoka Kibiti alisimama katikati ya darasa la pili, begi bado liko mkononi, kichwa amekiinua. Alianza kuuliza nani ametoa kibali, akaishia kwenye neno “nani”. Mama mkwe akamwambia, “Mwanangu, umetoka safari, hebu kaa kwanza.” Akakaa. Alikaa kitambo. Kisha akauliza, kwa sauti ndogo ambayo hatukujua kama anayo, iwapo ukindu mwingine upo wa darasa la sita.

Kila kitu kilikuwa sawa isipokuwa mvua. Ilikataa. Masika ile, iliyokuwa imetutesa tangu ianze, ilikatika kabisa mara tu tulipomaliza kufunga. Tulivuna mpunga wa kwanza, tukauanika, jua likawaka safi, na mie nikawa mtu pekee delta nzima anayelalamikia jua wakati wa kuanika. Maana muhula ulikuwa unayoyoma, na mwalimu hakuwa ameona faida ya dari letu zaidi ya ubaridi wake na kumpunguza mwalimu mkuu. Alisema asante, tena alilia kidogo. Lakini uhamisho wake aliuacha pale pale, na akaanza kugawa vyombo. Beseni likaenda kwa huyu, kioo kwa yule. Kuna waliokwishaanza kuulizia masufuria. Mie alinipa chujio la chai, nikakataa kulipokea. Nilimwambia atalihitaji. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kama angenitukana.

Mvua ikaja siku mpunga wa kijiji kizima uko nje. Ilitoka baharini ghafla, nyeusi. Mwanamke mwenye akili hukimbilia mpunga wake. Sisi tulikimbilia shule.

Tulijibanza barazani chini ya madirisha ya darasa la pili, tumelowa, tunahema. Bati la darasa la sita lilikuwa linapigwa kana kwamba linamwagiwa kokoto, na mwalimu mkuu ndani anaonekana tu mdomo ukichezacheza. Nikatega sikio kwenye dirisha letu. Mvua ilisikika kwa mbali, kama inanyesha kijiji cha jirani. Na palikuwa na sauti ya mtu anazungumza. Sauti ndogo, laini, ya binti. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ni yeye. Alikuwa amekaa nasi muda wote ule, amekula kwetu, ametuuguzia watoto, na sauti yake yenyewe hatukuwahi kuisikia. Nilitokwa na machozi, na sikujisumbua kuyafuta kwa sababu uso wote ulikuwa maji.

“Mmeelewa?” ikauliza ile sauti.

“Ndiyooo, mwalimu!” likaitikia darasa, na mwanangu, dawati la mbele, juu ya wote. Nikamgusa mama mkwe kwa kiwiko: umemsikia mjukuu wako?

“Haya. Nina samaki watano. Paka amekula wawili. Wamebaki wangapi?”

“Ndiyooo, mwalimu!”

Chaki ikagonga ubao.

“Nimeuliza, samaki wamebaki wangapi?”

“Ndiyooo…” Safari hii ilikuwa ya wasiwasi, ikafia njiani.

“Wewe unayeitikia kwa nguvu,” mwalimu akamwambia mwanangu. “Simama. Samaki watano, paka kala wawili.”

Mwanangu akasimama. Akaweka mikono nyuma, akavuta pumzi, akasema bila kusita:

“Mto mrefu kuliko yote Afrika ni Naili.”

Mama mkwe akanigeukia polepole. Ni lazima nieleze kwamba Naili niliijua. Mwaka mzima mtoto yule alikuwa anakuja nyumbani na Naili, na kazi ya ini, na majina ya mawingu, na mie nikawa natangaza kisimani kwamba nimezaa daktari. Watu wamechoka kunisikiliza. Kumbe mwanangu alikuwa anasoma darasa la sita kupitia juu ya ukuta, na la kwake mwenyewe hajawahi kulisikia. Mwalimu akamwinua mwingine, akapewa sehemu za ua. Akainua wa tatu, akaambiwa Zambezi. Madaftari yao yalikuwa safi, yote vema, kwa sababu walinakili ubaoni swali na jibu lake pamoja. Na dari lilipowatenga na mwalimu mkuu hawakubadili kitu. Waliendelea kuitikia walivyozoea, na mwalimu, aliyekuwa anafungasha, hakuwahi kumwinua mmoja mmoja hadi siku ile.

Mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Mwalimu akatoka, chaki mkononi, akatukuta tumejipanga ukutani.

“Mama!” akaniambia mie, maana mtoto alikuwa wangu. “Hawa watoto hawajui kitu!”

“Hawajui, mwalimu.”

“Hawajui kitu kabisa! Nimefundisha, nimefundisha mpaka nimemaliza koo langu!”

“Umelimaliza, mwalimu.”

“Nikiondoka sasa, huyo atakayekuja atauliza hawa wamefundishwa na nani! Atatajiwa jina langu!”

Nilifungua mdomo. Mama mkwe akanikanyaga mguu kwa uzito wake wote. Mie nikikanyagwa ninyamaze ndipo husema zaidi, lakini siku ile nilinyamaza, na sijui niliwezaje. Mwalimu alitazama mvua. Akageuka akatazama yale madawati, watoto wamemtolea macho, hakuna anayetikisika.

“Siendi popote,” alisema. Alisema kwa ukali, kama anatutukana. “Mwambieni mwalimu mkuu. Siendi hadi huyu mtoto ajue kutoa!”

Akarudi ndani, akafuta ubao wote. Kutoka pale barazani niliona mpunga wetu unaelea uani kwa watu, wangu ukiwa mbele. Mwanangu alikuwa bado amesimama, ameumbuka mbele ya darasa zima na nusu ya kijiji, mdomo unamcheza, ananitazama kupitia dirishani nimtetee. Mama mwingine angeingia. Mie nilibaki pale pale barazani nikimshukuru Mungu, tena kwa sauti, kwamba mwanangu hajui kitu.